Alasiri ina wenyewe: mwongozo wa kujitolea kusomesha watoto baada ya shule, Lamu

Muhula wangu wa kwanza nilipanga darasa la kusoma Jumatatu na Jumatano, saa kumi alasiri. Nilikuwa nimenunua chaki, madaftari na ubao wa kutundika, na nimeandikisha watoto ishirini na wawili wa mtaa wa Langoni. Siku ya kwanza walikuja wanne, na mmoja wao alikuwa anamtafuta ndugu yake. Wengine wote walikuwa chuoni, yaani madrasa kwa msomaji asiye wa pwani. Nami ni mzaliwa wa hapa hapa. Saa kumi za udogo wangu wote zilipita nikiwa nimekaa juu ya mkeka mbele ya maalim, na bado nilisahau.

Wiki ile ile maalim wao akaniita. Hakufoka. Aliniambia tu, "Mwanangu, watoto hawa wana wenyewe. Ungeuliza." Sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na vitabu wala michezo. Unaanza na saa.

1. Tafuta saa isiyo na mwenyewe

Chukua karatasi, chora siku saba za wiki, kisha ujaze saa za mtoto zilizokwisha chukuliwa. Shule kwanza, ukikumbuka kwamba madarasa ya chini hutoka mapema kuliko ya juu. Kisha chuo. Kwa desturi ya zamani vyuo hupumzika Alhamisi alasiri na Ijumaa, lakini siku hizi kila chuo kina ratiba yake, wengine wanasomesha hata Jumamosi asubuhi. Usikisie, uliza mmoja mmoja. Kisha kazi za nyumbani, ambazo wanaume tunaojitolea huwa hatuzioni: msichana wa miaka kumi anayeshika mtoto mchanga mama anapopika mahamri ya kuuza hana alasiri. Ukitaka aje, panga saa ambayo mama hapiki, au mruhusu aje na huyo mdogo mgongoni. Mimi nina wawili wanaokuja hivyo.

Kisha bahari. Hili sijawahi kuliona limeandikwa mahali popote, na ndilo lililonisumbua zaidi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya mwambao huu hujaa mnamo saa kumi, saa kumi na moja alasiri. Wavulana wote wako gatini wanajirusha majini, na hakuna hadithi utakayoisoma ikashinda hilo. Siku hizo hizo njia ya ufukweni ya kutoka Shela huliwa na maji, kwa hiyo mwenzako anayekaa kule asipopata mashua hafiki. Zamani nilikuwa nikiona mahudhurio yameporomoka najilaumu, nadhani nimewachosha. Siku hizi natazama mwezi kwanza. Wiki ya maji mafu, bahari isipojaa sana, wanarudi.

Ongeza na kalenda ya mwaka. Ramadhani watoto wa miaka saba, minane, wengi hujaribu kufunga japo nusu siku. Punguza vipindi, usiwakimbize juani, wala usile mbele yao. Mfungo Sita, yaani Rabiul-awwal, ukiingia, Maulidi yanaibeba Amu nzima, ndiyo Lamu yetu: msikiti wa Riyadha wageni wamejaa, punda wanashindana ufukweni, mashua zinashindana, na watoto wako kila mahali isipokuwa darasani kwako. Funga wiki hiyo bila kinyongo.

Nilipomaliza kujaza karatasi yangu zilibaki nafasi mbili: Alhamisi alasiri na Jumapili asubuhi. Za kwako zitakuwa nyingine. Mbili zinatosha.

2. Bisha hodi kwa watu watatu

Maalim, mwalimu mkuu, na mama wa mtoto. Usiende kwa yeyote kati yao na ratiba iliyokwisha chapwa, maana ratiba iliyochapwa ni taarifa, na wewe umekwenda kuuliza. Kwa maalim nenda baada ya sala, kaa, mwachie yeye aanze. Mwambie unataka kuwasaidia watoto kusoma Kiswahili na hesabu, umuulize ni saa gani isiyomuharibia. Wengi watakupa saa nzuri kuliko uliyoifikiria, na atakayewaambia watoto "nendeni kwa mwalimu yule" ni yeye, na neno lake lina uzito kuliko bango lolote.

Kwa mwalimu mkuu swali ni tofauti: ni watoto gani hasa walioachwa nyuma? Omba akuelekeze kwa mwalimu wa darasa. Usikubali kupewa kumi bora ili wakafanye vizuri zaidi, hata kama ndio watakaokupa raha.

Kwa mama, fika mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mwana wa Bi Fulani wa Mkomani."

Utaulizwa wa Bi Fulani yupi, na mjomba wako ni nani, na kama ndiye aliyemuoa yule wa Matondoni. Usione ni kupoteza wakati. Hapo ndipo unapokaguliwa. Kama wewe si wa hapa, tafuta mtu mzima wa mtaa akufikishe, akutambulishe, na asiondoke mpaka chai imalizike. Mwambie mama siku, saa, mahali, nani mwingine atakuwepo, na mtoto atarudi saa ngapi. Wasichana wanaokaribia kuvunja ungo, familia nyingi zitapenda wasomeshwe na mwanamke. Kama huna mwenzako mwanamke, sema hivyo waziwazi, usiahidi.

Mjulishe na chifu. Ni ziara ya dakika kumi, na siku ukiwa na shida utashukuru kwamba anakujua.

3. Karatasi

Omba cheti cha maadili mema cha Idara ya Upelelezi wa Jinai. Maombi yanafanywa kwa eCitizen, kisha unakwenda kupigwa alama za vidole. Ukifika Kituo cha Huduma watakuelekeza. Usingoje kuombwa. Mtu anayekwenda kwa wazazi na cheti mkononi amewaondolea swali wanaloona haya kuuliza. Kila anayejitolea pamoja nawe awe nacho pia, hata binamu yako.

Kwa rafiki zetu wanaotoka nje ya nchi na kutaka kusaidia kwa wiki mbili za likizo: kibali cha kuingia kama mtalii si ruhusa ya kufanya kazi, hata kazi isiyo na mshahara. Na wiki mbili ni chache. Kama una wiki mbili, waletee wasomeshaji vitabu vya hadithi vya Kiswahili, uwaache wao waendelee.

4. Mahali

Nyumba zetu za zamani zina daka, kile kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Sijaona darasa zuri kuliko hilo kwa watoto wanane. Kuna kivuli, kuna upepo wa uchochoro, na kila apitaye anawaona, anatoa salamu, anasikiliza kidogo. Hilo la mwisho ni ulinzi. Mtu mzima na watoto wasifungiwe mahali ambapo jirani hawezi kuchungulia. Ubaya wake ni punda: wakipita na mchanga wa ujenzi, miguu yote juu, na msomaji husimama katikati ya sentensi.

Watoto wakizidi kumi na wawili, omba chumba cha shule, au ulizia maktaba iliyomo katika Ngome ya Lamu. Ngome ile ilikuwa jela mpaka 1984. Nimewaambia watoto hivyo, na sasa kila wakiingia wanataka kuonyeshwa wafungwa walilala wapi kabla ya kufungua kitabu. Wape dakika tano.

5. Siku ya kwanza, pima

Usifundishe kitu. Andaa karatasi nne: ya kwanza silabi, ya pili maneno mafupi, ya tatu aya ya sentensi nne tano, ya nne hadithi fupi. Ni ngazi zile zile zilizotumiwa na tathmini za Uwezo zilizopita nyumba kwa nyumba nchini Kenya. Mwite mtoto mmoja kando, lakini mbele ya macho ya wengine, umpe karatasi ya aya. Akiisoma bila shida, mpandishe kwenye hadithi; akikwama, mshushe. Andika alipoishia.

Kisha wagawe kwa ngazi, si kwa darasa la shule. Hapa utapata upinzani, maana kijana wa darasa la sita hataki kukaa na wa darasa la pili. Mimi humpa cheo: yeye ndiye mshika ubao wa kundi. Anashika ubao, anasoma pamoja nao, na heshima yake iko palepale.

6. Kusoma kwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watoto wa Amu wana mambo matatu ambayo mwongozo ulioandikwa Nairobi hautakwambia.

La kwanza ni Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Nyumbani mtoto anasema *mato*, kitabu kinasema *macho*. Anasema *mtele*, *ndaa*, *ndia*, *moya*. Kitabu kinasema *mchele*, *njaa*, *njia*, *moja*. Kuna mtoto wangu aliandika katika insha ya shule, "Mama akaniambia ndoo." Alimaanisha *njoo*. Mwalimu wake, mtu wa bara, akapiga mstari mwekundu na kuuliza pembeni: ndoo ya nini? Mtoto yule hakuandika insha nyingine mpaka muhula ukaisha. Usimwambie mtoto kwamba anachosema ni makosa, kwa sababu si makosa. Washairi walitunga tenzi kwa lugha hiyo kwa karne nyingi. Chora ubao uwe na safu mbili, *cha nyumbani* na *cha kitabuni*, mwache mtoto mwenyewe ajaze. Atagundua mtindo, kwamba *t* ya nyumbani mara nyingi ni *ch* ya kitabuni, na *nd* ya nyumbani mara nyingi ni *nj*, kisha ataanza kuwinda mengine mwenyewe. Na kama wewe ndiwe mtu wa bara, basi watakufundisha, nawe utacheka, na darasa litachangamka siku hiyo kuliko siku zote.

La pili ni chuo. Mtoto aliyesoma chuoni anajua kwamba *ba* yenye fat-ha ni "ba", yenye kasra ni "bi", yenye dhuma ni "bu". Tayari anajua kuunganisha herufi na irabu! Usimrudishe mwanzo kama asiyejua kitu. Mwonyeshe kwamba silabi za Kiswahili ni jambo lile lile, ila irabu hapa huandikwa kama herufi kamili, na kuna mbili za ziada, *e* na *o*, ambazo hazina alama yake kule. Hizo mbili wafundishe peke yake, taratibu. Na umwekee kidole upande wa kushoto wa mstari anapoanza. Wadogo hufungua kitabu kwa nyuma, na ni haki yao, kwa kuwa kitabu wanachokiheshimu zaidi hufunguliwa upande ule.

La tatu linatokana na hilo la pili: watoto wetu wana hifadhi ya ajabu. Ukiwasomea ukurasa mara tatu, mara ya nne watausoma wote kwa sauti, kidole kikitembea, na wewe utampigia simu mwenzako umwambie wamejua kusoma. Hawajajua. Wamehifadhi. Ili kujua, funika picha, uonyeshe neno la katikati. Au waambie wasome kuanzia mstari wa chini kwenda juu. Mimi nilidanganywa hivyo kwa wiki sita na msichana mmoja hodari, na siku nilipomgundua tulicheka sote wawili. Hifadhi yake usiitupe: mpe shairi alihifadhi, kisha mkatie vipande vya karatasi, neno moja moja, alipange upya.

Kwa wa ngazi ya silabi, zile zinazowakwamisha ni *ng'* na *ng* (ng'ombe na ngoma), *mbw*, *ny*, *kw*. Dakika kumi kila kipindi zinatosha. Kadi zitengeneze kwa makaratasi ya boksi kutoka dukani, ukiomba watakupa bure.

Kipindi changu cha saa moja kinakwenda hivi. Salamu na majina. Silabi au maneno kwa makundi, robo saa. Kusoma wawili wawili, mmoja anasoma na mwenzake anafuata kwa kidole, kisha wanabadilishana. Kisha mchezo wa kunyoosha miguu: mdako kwa wanaopenda kukaa, ukuti ukuti kwa wadogo. Mwisho, mimi nasema "Paukwa!" nao "Pakawa!", nasoma hadithi mpaka mahali patamu, nafunga kitabu. Wakilalamika sana, nawatolea kitendawili cha kwenda nacho nyumbani. Siku ya "Kuku wangu katagia miibani" walirudi na majibu kumi na moja, na baba mmoja alinisimamisha Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuthibitisha kwamba ni nanasi.

7. Fimbo

Mama mmoja wawili watakuambia, "Mchape tu, ni wako." Kataa kwa adabu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza adhabu ya viboko kwa wanafunzi, na hata bila sheria, mtoto aliyekuja kwa hiari akichapwa harudi. Anayesumbua mpe kazi ya mikono. Akizidi, mkalishe karibu nawe. Akizidi tena, mwambie mama yake, si mbele ya watoto.

8. Mambo usiyoyapuuza

Wawe watu wazima wawili kila kipindi. Mmoja akikosa, ahirisha. Kuwa na daftari: jina la mtoto, mtaa, mlezi, namba ya simu, na nani anamrudisha. Wote wawe wamefika kwao kabla ya adhana ya Magharibi, na usimpeleke mtoto mmoja peke yako kwenye mashua au bodaboda.

Picha: usipige, ila mzazi amekubali na anajua itakwenda wapi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto, na uso ni taarifa. Wageni hupita, huona watoto wanasoma barazani, hutoa simu. Waambie hapana, kwa tabasamu, hata kama wana sarafu mkononi.

Pesa na zawadi: usimpe mtoto mmoja kitu ambacho hukuwapa wote. Usikopeshe. Kuna siku mtoto atakuja hajala tangu asubuhi, utaona midomo yake. Weka kikapu cha mahamri kwa wote, kila mara, usimwite yeye kando. Uliza wazazi mapema kama kuna chakula kinachomdhuru mtoto wao.

Na kuna siku mtoto atakuambia jambo. Au hatasema, bali utaona: alama mgongoni, usingizi usioisha, woga wa kurudi nyumbani. Hapa kuna hatua, na uzishike kama zilivyo. Msikilize mpaka amalize. Usimkatize, usimhoji maswali ya kumwelekeza, usishtuke usoni. Usimwahidi kwamba ni siri, kwa sababu hutaweza kuitunza. Mwambie utamwambia mtu anayeweza kusaidia. Akiondoka, andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa. Siku hiyo hiyo peleka habari kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo au polisi, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, usiku na mchana. Sheria ya Watoto ya 2022 iko upande wa mtoto. Usimfuate anayetuhumiwa, usiite kikao cha ukoo. Najua mji ni mdogo, na yule anayetajwa huenda ni mtu mnayesalimiana kila siku. Watakuja watu wazima wenye busara kukuambia mambo haya yamalizwe nyumbani. Waitikie salamu, na ripoti iende.

9. Kuondoka

Kila anayejitolea huondoka: kazi Mombasa, ndoa, masomo. Kibaya ni kuondoka kimya. Sema wiki nne kabla, kwa watoto, kwa maalim, kwa mama zao. Wiki mbili za mwisho kaa pamoja na atakayekupokea, yeye asomeshe, wewe ushike ubao. Mkabidhi daftari la majina, karatasi za ngazi na kadi za maboksi, na pembeni ya kila jina umwandikie jambo moja: huyu anahifadhi badala ya kusoma, huyu anakuja na mdogo wake, huyu usimwite kwa jina la utani. Mwandikie na siku za bamvua za miezi mitatu ijayo, ili akiwakuta wavulana wamepungua ajue waliko.